Mchekeshaji aliyekipa kitabu chake jina la tusi kwa ajili ya mama yake: tumjadili Dick Gregory

Msomaji wa Tandale (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kitabu hiki nimekimaliza juzi usiku. Umeme ulikatika nikiwa nimebakiza kurasa kama thelathini, nikamalizia kwa tochi ya simu mpaka chaji ikabaki asilimia tatu. Tangu hapo natafuta mtu wa kuongea naye. Shemeji yenu kanisikiliza dakika tano, nikageuka nikakuta amelala. Kwa hiyo mtanivumilia ninyi.

Ni maisha ya Dick Gregory, mchekeshaji mweusi wa Marekani, mzaliwa wa St. Louis, Missouri, mwaka 1932. Kilitoka 1964, na aliyemsaidia kukiandika ni Robert Lipsyte, mwandishi wa michezo wa gazeti la New York Times. Jina la kitabu siliandiki hapa, wasimamizi wasije wakanifungia. Ni lile neno la N ambalo weupe waliwaitia weusi. Limewekwa juu ya jalada peke yake, kubwa. Wanaojua wanajua.

Kabla ya sura ya kwanza kuna maneno machache kwa mama yake, ambaye wakati huo alishafariki. Anamwambia: popote ulipo, ukilisikia tena neno hilo, ujue wanatangaza kitabu changu.

Nilicheka. Halafu nikarudi kuyasoma nikaacha kucheka. Huyo mama, Lucille, alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba za weupe na watoto sita wa kulisha. Neno lile alilisikia akiwa ameshika vyombo vya watu. Sasa mwanawe anamwambia, kuanzia leo likitamkwa mimi naingiza hela. Utani wa namna hii sijui niupe jina gani.

Naendelea kwa mafungu. Chai iko jikoni.

Ngosha Mkavu

Nimekaa kitako mkuu. Usije ukatuachia uzi njiani kama ule wa Lumumba.

Bingwa wa Bao

Huyu siyo yule mzee wa kufunga kula na dawa za kupunguza mwili? Nilimwona video moja ana ndevu nyeupe anaongea mambo ya njama njama tu.

Msomaji wa Tandale

Ni yeye yule, mkuu, na kuhusu njama sikatai, uzeeni alikuwa nazo nyingi na nyingine hazina miguu. Ila kitabu hiki kinaishia mwanzoni mwa 1964, akiwa kijana wa miaka thelathini na kidogo. Tukae hapo.

Fungu la kwanza la kitabu lina jina ambalo limenisumbua kulifasiri. Mama yake alikuwa akiwaambia watoto kwamba wao si maskini, hela ndiyo haipo kwa sasa. Nimejaribu hivi: "Si maskini, tumefulia tu." Mnaonaje?

Mswahili wa Kibokoni

Huku Mombasa tungesema "tumesota tu". Lakini maana imekaa. Umaskini ni ukoo, kusota ni ya leo. Mama huyo alikuwa ajua kupanga maneno.

Msomaji wa Tandale

Nimeipenda hiyo ya ukoo.

Haya. Baba yake, Presley, alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Akija anakuja na hela na zawadi, mtaa mzima unajua amekuja, kisha anampiga mama, kisha anapotea. Watoto wa mtaani hawakuacha kumcheka Richard (ndilo jina lake kamili, Dick ni kifupi): huna baba, mnakula chakula cha msaada, nguo zako hizo hizo. Mwanzoni alikuwa anakimbia au analia. Kisha akagundua kitu: watanicheka tu, nifanye nisifanye. Basi akaanza kujicheka mwenyewe kabla hawajaanza wao. Akishamaliza kujisema, wao wanabaki hawana la kusema, na wanacheka pamoja naye badala ya kumcheka. Baadaye akapata nguvu ya kugeuza kibao na kuwatania wao.

Huko ndiko uchekeshaji wake ulikotoka, wakuu. Jukwaa lilikuja miaka mingi baadaye.

Sasa ile habari ya shuleni. Hii isomeni polepole.

Ana kama miaka saba. Darasani kuna binti anayempenda, msafi, baba yake ana kazi. Kwa ajili ya binti huyo Richard anafua soksi na shati lake kila usiku, maana shati ni hilo hilo moja. Baridi ya huko mnaisikia. Moto unazimika usiku kabla nguo hazijakauka, asubuhi anazivaa hivyo hivyo, mbichi. Majira hayo ya baridi aliugua mara nyingi.

Siku moja, Alhamisi, mwalimu anakusanya ahadi za mchango wa mfuko wa hisani wa mji. Anaita majina, kila mtoto anasema baba yake atatoa kiasi gani. Binti anasema baba yake atatoa dola mbili na nusu. Richard mfukoni ana hela alizopata kwa kung'arisha viatu na kuuza magazeti, na ameshapiga hesabu atamzidi. Anasubiri jina lake. Mwalimu anafunga daftari.

Ananyoosha mkono: mwalimu, umenisahau. Mwalimu anamwambia hana muda wa kucheza naye. Anasema: baba yangu atatoa dola kumi na tano.

Mwalimu anageuka. Anamwambia, mbele ya darasa zima, kwamba mchango huu unakusanywa kwa ajili yako wewe na watu wa aina yako. Kama baba yako anaweza kutoa dola kumi na tano, hamna sababu ya kuwa kwenye msaada. Kisha anaongeza: na isitoshe, tunajua huna baba.

Yule binti akageuka kumtazama, machozi yamemjaa. Alikuwa anamwonea huruma, na hiyo ndiyo iliyommaliza.

Anasema alikuwa na miaka ishirini na tisa, ana mke na hela, ndipo yule binti alipomtoka moyoni. Ngoma aliyopiga sekondari ilikuwa kwa ajili yake. Rekodi za mbio alizovunja chuoni, kwa ajili yake. Hata makofi ya kwanza jukwaani alitamani yule binti angeyasikia.

Kalamu Butu

Mleta uzi umenigusa mahali sikutaka kuguswa.

Mimi nimesoma shule moja ya msingi, mkoa siutaji. Darasa la tano kulikuwa na mchango wa madawati. Mstarini Jumatatu mwalimu wa zamu anasoma majina ya ambao hawajaleta. Ukisomwa unatoka mbele, mnapanga mstari wenu mnatazamana na wenzenu. Wiki ya kwanza tulikuwa kama arobaini. Wiki ya pili kumi na tano. Wiki ya nne tulibaki wawili, mimi na mtoto mmoja yatima. Sweta langu lilikuwa limetoboka kiwiko, nikawa nashika kile kiwiko kwa mkono mwingine, nasimama hivyo kama mtu anayesikia baridi.

Mpaka leo nikiwa kwenye kikao nasimama hivyo. Mke wangu ndiye aliyeniambia.

Hela baba alikuwa nayo. Alikuwa nayo kwa mama mwingine.

Mama Ntilie Mstaafu

Pole mwanangu.

Ngosha Mkavu

Kalamu Butu, nimeacha kula.

Dereva wa Semi

Wakuu, mimi naendesha malori huku Missouri mwaka wa saba sasa, na St. Louis napita karibu kila wiki. Niongeze kidogo.

Mtaa aliokulia uko upande wa kaskazini wa mji, sehemu inaitwa The Ville. Shule yake ya sekondari ni Sumner, ya tangu 1875, shule ya kwanza ya sekondari ya watu weusi magharibi ya mto Mississippi. Chuck Berry alisoma hapo. Tina Turner alimaliza hapo. Leo ukipita zile barabara unaona nyumba za matofali mekundu, moja inakaliwa, tatu zimefungwa kwa mbao, nyingine paa limeshaingia ndani na mti umeota sebuleni. Matofali ni mazuri, watu wanayaiba wakauze.

Gregory ana nyota yake barabara ya Delmar, imepachikwa chini kando ya barabara pamoja na za watu wengine maarufu wa mji. Siku niliyokwenda kuiona alikuwa amesimama juu yake kijana anakula barafu ya koni. Nikamwomba asogee nipige picha. Akaniuliza huyu ni nani. Nikamweleza kwa Kiingereza changu hiki cha Magomeni, mimi mgeni namweleza mwenye mji.

Bingwa wa Bao

Tupia picha basi mkuu.

Dereva wa Semi

Simu ile iliibwa.

Bingwa wa Bao

Haya bwana.

Msomaji wa Tandale

Dereva asante sana. Hapo Sumner ndipo alipoanza mbio, na chanzo chake kitawachekesha: alitaka kuoga. Kwao hakukuwa na bafu la maana, shuleni lilikuwepo lakini lilikuwa la wanamichezo. Akamwomba kocha aruhusiwe. Wenzake wakifanya mazoezi uwanjani, yeye anazunguka mtaa kwa nje, mradi mwisho wa siku apate maji ya moto. Akaishia kuwa bingwa wa maili. Halafu akatafuta jina lake kwenye kitabu cha rekodi za shule asilione, kwa sababu mashindano ya shule za weusi hayakuwa yakiandikwa humo.

Mbio zikampeleka chuo cha Southern Illinois kule Carbondale. Mama yake akafariki akiwa chuoni. Jeshi likamchukua 1954, na jeshini ndiko alikoanza kupanda jukwaani kwenye mashindano ya vipaji. Kutoka hapo akaenda Chicago. Akafanya kazi posta, akafukuzwa. Anasimulia kwamba barua za kwenda Mississippi alikuwa anazitupia kwenye kisanduku cha nchi za nje.

Mswahili wa Kibokoni

Hahaha! Huyo hakufukuzwa, huyo alipaswa kupandishwa cheo.

Mama Ntilie Mstaafu

Na mkewe vipi? Maana nyuzi zenu hizi wanaume huwa wanapanda jukwaani tu, wanawake hawaonekani.

Msomaji wa Tandale

Swali la haki, mama. Anaitwa Lillian. Alikuwa karani katika Chuo Kikuu cha Chicago, walioana 1959. Mwaka huo Gregory alijaribu kuendesha klabu yake mwenyewe nje kidogo ya Chicago ikafilisika, na katika kipindi chote cha kuhangaika ni mshahara wa huyo mama uliokuwa unaonekana nyumbani. Gregory mwenyewe hajisifu kwenye kurasa hizo, anakiri alikuwa mume wa kutoweka. Mimi kama msomaji nasema anakiri haraka mno, aya mbili tatu kisha anarudi jukwaani. Hapo kitabu kina tundu.

Ila kuna kisa kimoja nakipenda. Gregory alijua akianza kuchekesha kwenye klabu za weupe, siku moja mlevi atamrushia lile neno kutoka kwenye viti. Alijua pia kwamba akikasirika amekwisha, na akinyamaza amekwisha vilevile. Kwa hiyo walifanya mazoezi nyumbani. Anakula, Lillian anamrushia lile tusi ghafla, naye anatakiwa ajibu palepale bila kutema chakula. Fikirieni hiyo meza ya chakula.

Siku ikafika kweli. Mtu akapiga kelele lile neno, ukumbi ukanyamaza. Gregory akawauliza watu: mmesikia alivyoniita? Ameniita farasi wa Roy Rogers. Ukumbi ukavunjika mbavu. Roy Rogers alikuwa mcheza filamu za wachunga ng'ombe, na farasi wake aliitwa Trigger. Tamkeni hilo jina, kisha tamkeni lile neno, mtaona yameachana mwanzoni tu, mwisho wake ni uleule.

Nyingine ilikuwa hii: mkataba wangu unasema kila nikiitwa hivyo mwenye klabu ananilipa dola hamsini zaidi. Tafadhali simameni wote mrudie.

Ngosha Mkavu

Hiyo ya dola hamsini ni ya kibingwa. Ile ya farasi bila maelezo nisingeipata.

Msomaji wa Tandale

Ndiyo maana kufasiri vichekesho ni kazi ya mtu aliyekata tamaa.

Sasa Januari 13, 1961. Klabu ya Playboy ya Chicago imekosa mchekeshaji wa usiku huo, wanampigia Gregory awe wa kuziba pengo, malipo dola 50. Chicago Januari ni barafu. Mfukoni hana kitu. Anashuka basi sehemu siyo, anakimbia vitalu vingi kwenye theluji (ule mguu wa maili ukamfaa). Anafika anahema, meneja anamwambia samahani, usiku huu ukumbi umekodiwa na wafanyabiashara wa chakula cha kugandisha, wengi wao kutoka majimbo ya kusini, hatutaki wakudhuru, tutakulipa, nenda nyumbani.

Anasema alikuwa amepigwa na baridi na hasira kiasi kwamba hakusikia. Akapanda.

Akaanza kwa kuwaambia anasikia humu kuna watu wengi wa kusini. Mimi kusini nakujua sana, nilikaa huko miaka ishirini, usiku mmoja. Kisha akawapa ile ya mgahawa. Mhudumu mweupe anamwambia hapa hatuuzi watu weusi, yeye anajibu hakuna shida, hata mimi siwali, niletee kuku mzima wa kukaanga. Kuku anafika, wanaingia mabinamu watatu, Klu, Kluck na Klan (anawatania Ku Klux Klan, lile genge la weupe la kuwatesa na kuwaua weusi), wanamwambia: chochote utakachomfanya huyo kuku, na sisi tutakufanya wewe. Anaweka kisu na uma chini, anamwinua kuku, anambusu.

Alikusudiwa kukaa chini ya saa moja. Walimshikilia muda mrefu zaidi ya hapo. Hugh Hefner, mwenye Playboy, akaja kumtazama onyesho la pili usiku huohuo, akampa mkataba wa wiki tatu, wiki tatu zikazaa nyingine. Gazeti la Time likaandika habari zake, na baada ya hapo ikaja televisheni.

Kuhusu televisheni nitasema moja. Kipindi cha usiku cha Jack Paar kilikuwa ndoto ya kila mchekeshaji. Walipompigia simu akakataa. Mwimbaji Billy Eckstine alikuwa amemfumbua macho: msanii mweusi akienda pale anaimba au anachekesha, kisha anaondoka. Hakai kwenye kochi kuzungumza na mwenyeji kama wageni weupe. Gregory anasema hakuwahi kuliona hilo, pamoja na kukitazama kipindi miaka yote. Paar mwenyewe akapiga simu: kwa nini hutaki kuja? Kwa sababu sitaketi kwenye kochi. Paar akamwambia njoo, utaketi.

Akaketi. Watu majumbani wakaona mwanamume mweusi amekaa kwenye kochi anaulizwa habari za watoto wake. Fikeni hapo mkitafakari: kochi tu.

Kalamu Butu

Kwenye daladala konda anakwambia "sogea kidogo mzee" na wewe unasogea miaka thelathini hujajiuliza.

Bingwa wa Bao

Sawa, lakini niwe wakili wa shetani. Mpaka hapa naona mtu aliyepata hela kwa kuwachekesha matajiri weupe klabu ya mabinti wa masikio ya sungura. Uanaharakati uko wapi?

Msomaji wa Tandale

Ngoja basi, unaharakisha kete.

Mwishoni mwa 1962 Medgar Evers, katibu wa NAACP (chama cha kutetea haki za weusi) kule Mississippi, alimwalika Jackson, mji mkuu wa jimbo hilo, akazungumze kwenye mkutano. Gregory alikwenda kama msanii anayekwenda kufanya hisani: nitachekesha kidogo, nitarudi na ndege ya usiku. Jukwaani kabla yake akasimama mzee wa miaka 78, ametoka jela karibuni kwa mambo ya harakati. Mzee akasema jela kwa ajili ya uhuru haimsumbui, hata kufa kusingemsumbua. Ila yeye na mkewe walioana zamani sana, na hakuwahi kulala usiku hata mmoja nje ya nyumba. Alipokuwa jela mkewe akafa.

Akaketi. Sasa ni zamu ya mchekeshaji. Anasema hakujua aanzie wapi.

Tangu hapo Gregory hakuweza tena kukaa Chicago akatulia. Huko huko Jackson akasikia habari za Clyde Kennard, mwanajeshi mstaafu mweusi aliyeomba kujiunga na chuo cha weupe, akasingiziwa wizi wa chakula cha kuku, akafungwa miaka saba. Gregory akatumia jina lake kuwaamsha waandishi wa habari. Kennard akaachiwa mwanzoni mwa 1963, saratani imeshamla, akafa Julai ileile.

Kisha Greenwood, hukohuko Mississippi. Wilaya ya Leflore iliona weusi wameanza kujiandikisha kupiga kura, ikasimamisha mgao wa chakula cha serikali uliokuwa unawalisha watu kama 22,000, na ilikuwa majira ya baridi. Walikuwa wanaadhibiwa kwa njaa. Gregory akakodi ndege, Februari 1963, akajaza chakula zaidi ya tani sita. Ndege ikatua Memphis, kutoka hapo malori.

Dereva wa Semi

Memphis mpaka Greenwood naijua. Unashuka na I-55 saa mbili na ushee, kisha unaingia Delta, pamba kushoto pamba kulia, nchi imelala kama meza. Mchana tu unajisikia unatazamwa. Hao waliopita usiku wa 1963 na malori yamejaa mchele nawavulia kofia.

Msomaji wa Tandale

Mei 1963 akaingia jela ya Birmingham, Alabama, pamoja na mamia ya watoto walioandamana. Akapigwa humo na askari mpaka mkono haukuinuka. Humo jela anasimulia alimwona mtoto mdogo, kama miaka minne. Akamuuliza umefungwa kwa nini. Mtoto akajibu kwa neno la Kiingereza la uhuru, ila ulimi haujakomaa, sauti za mwanzo zimempotea.

Hili ndilo pekee katika kitabu kizima ambalo Kiswahili kinalibeba bila jasho. Watoto wetu wa miaka minne "r" bado. Mtoto angesema: "Uhulu."

Mama Ntilie Mstaafu

Jamani.

Msomaji wa Tandale

Mwaka huo haukumwacha. Mwanawe mchanga, Richard mdogo, alifariki. Juni 12 Evers akapigwa risasi mbele ya nyumba yake, Jackson. Na mama yangu uliyeuliza habari za Lillian: mwaka huohuo Lillian aliingia jela kule Selma, Alabama, akiwa na mimba ya mapacha. Kwa hiyo naye alikuwepo, tena kwa mwili wake.

Mama Ntilie Mstaafu

Sasa hapo ungeanzia.

Bingwa wa Bao

Nimerudisha kete zangu. Na baadaye?

Msomaji wa Tandale

Baadaye ni nje ya kitabu, nitapita mbio. 1964 vijana watatu wa harakati, Chaney, Goodman na Schwerner, walipopotea Mississippi, alitangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayetoa habari. 1965 alipigwa risasi ya mguu akituliza ghasia za Watts, Los Angeles. Akagombea umeya wa Chicago 1967, urais 1968, kura kama 47,000, na noti za kampeni zenye sura yake ambazo serikali ilizikamata kwa kufanana na dola. Mwaka huo wa 1968 Hoover, mkuu wa FBI (idara ya upelelezi ya serikali), aliandika agizo la kutafuta namna ya kuwachochea mafia dhidi yake. Hilo siyo la vijiweni, lipo kwenye nyaraka za FBI yenyewe zilizotolewa baadaye. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema mzee alikuwa mtu wa njama njama, nacheka kidogo. Alifariki Agosti 2017, miaka 84.

Mswahili wa Kibokoni

Mleta uzi, turudi kwenye jina la kitabu. Nimelizungusha kichwani tangu asubuhi, kahawa imepoa. Ukikileta Kiswahili utakiita nini?

Mimi niliwaza "Mshenzi". Usicheke. Leo ni tusi la kawaida, lakini zamani huku pwani lilikuwa jina la watu, wale wa bara, waliohesabiwa hawana dini wala mji. Yaani tusi na kabila ni neno moja. Mtu wa pwani alilitamka bila hata kukasirika, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Ngosha Mkavu

Mimi mtu wa bara nasema hilo hapana, na unajua kwa nini.

Mimi ningeliita "Boi". Babu yangu alikuwa boi kwa mzungu wa mkonge, Tanga. Ana miaka hamsini, ana wajukuu, mtoto wa mzungu wa miaka sita anamwita boi. Na yeye anaitika.

Kalamu Butu

Boi inakaribia. Ila babu zetu wengine walikuwa wakisema "nilikuwa boi kwa bwana fulani" kama mtu anataja kazi yake, hata kwa fahari. Lile la Gregory halina fahari mahali popote.

Dereva wa Semi

Liacheni lilivyo. Huku wenyewe weusi hawakubaliani. Vijana ninaopakia nao mizigo wanaitana hivyo kutwa nzima kwa upendo, na mzee mmoja wa bohari anawafokea kila siku. Siku niliyolitamka mimi nikidhani nimeshakuwa mwenyeji, wote wawili walinitazama, vijana na mzee. Sikurudia.

Msomaji wa Tandale

Shida yangu ni ile kwa mama. Utani wote umesimama juu ya jambo moja, kwamba neno lililo kwenye jalada ni lile lile alilolisikia Lucille jikoni kwa watu. Ukiweka neno jingine, hata liwe kali vipi, mama hatalitambua. Atapita dukani, aone kitabu cha mwanawe, apitilize.

Mswahili wa Kibokoni

Umenimaliza. Basi nimejaribu hivi, nimeacha mstari mahali pa neno:

"Mama mpenzi, popote ulipo, ukisikia tena mtu akisema ______, kumbuka wanatangaza kitabu changu."

Ngosha Mkavu

Nzuri sana. Sasa ukiwasomea watu kwa sauti, hapo kwenye mstari unasemaje?

Mswahili wa Kibokoni

Nimemsomea mke wangu sasa hivi. Nilipofika hapo nikakohoa.

Ngosha Mkavu

Akasemaje?

Mswahili wa Kibokoni

Kaniletea maji.